Kumfundisha Mbwa Kutii

Mbwa wengi wa vijiji vyetu wanajua kula, kulala na kubweka. Kutii hawajui. Mwenyewe akimwita mbwa wake, mbwa anainua masikio tu, kisha anaendelea kufukuza kuku wa jirani. Watu husema: "Mbwa wa kwetu ni mjinga, hafundishiki."

Si kweli. Katika misitu ya Kongo yupo mbwa mdogo wa kuwinda, mwenye masikio ya kusimama na mkia uliojikunja. Yeye habweki kama mbwa wengine. Kwa hiyo wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua yuko wapi anapofukuza nyama kuelekea wavu. Watu wa Ulaya humwita basenji. Mwaka 1937 walimwonyesha London, na watu wengi walikuja kumtazama. Kama mbwa huyo anaweza kufanya kazi pamoja na watu porini, wa kwenu atashindwa kuketi mlangoni?

Shida iko kwetu. Baba anamwita mbwa: "Njoo!" Mama anasema: "Kuja hapa!" Mtoto anapiga mluzi, na mdogo wake anapiga makofi. Mbwa atajuaje kwamba yote hayo ni jambo moja? Yeye hafahamu maneno kama mtu. Anashika sauti, na anakumbuka kitu kilichofuata sauti ile. Basi watu wa nyumba sharti wapatane kwanza: jambo moja, neno moja. Kwa kuanza, "njoo" na "kaa" yatosha.

Anza mbwa akiwa angali mdogo, akiisha kupata majuma 8 hivi. Tafuta chakula anachokipenda, kama nyama au samaki mkavu, ukikate vipande vidogo kama punje za mahindi. Fundisha kabla hajala, kwani mbwa aliyeshiba hasikilizi mwalimu. Dakika 5 zatosha, mara mbili tatu kwa siku.

Simama hatua chache mbele yake. Chutama, taja jina lake, useme "Njoo" mara moja tu, kwa sauti ya furaha. Akifika, mpe kipande papo hapo na umpapase. Ukikawia hata kidogo, hatajua analipwa kwa sababu gani. Akiisha kuzoea, mwite kutoka mbali zaidi, kisha mahali penye watu na kelele.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi yao. Mbwa ameiba nyama jikoni, amekimbia. Mwenyewe anamwita kwa ukali: "Njoo!" Mbwa anakuja, naye anampiga fimbo. Mbwa amejifunza nini? Hakujifunza kwamba kuiba ni vibaya. Amejifunza kwamba neno "njoo" huleta fimbo. Siku nyingine ukimwita atakimbia, hata kama motokari inakuja barabarani. Mbwa akija, hata akikawia, msifu. Na nyama, uifunike.

"Kaa" ni rahisi zaidi. Shika kipande mbele ya pua yake, ukipitishe polepole juu ya kichwa kuelekea mgongoni. Atainua pua kukifuata, na matako yatashuka yenyewe. Yanaposhuka, sema "Kaa", kisha mpe. Usimsukume kwa mikono.

Tena mzoeze kushikwa. Kila siku mguse masikio, inua miguu yake, mshike shingo kwa upole, halafu mpe kipande. Jambo hili laonekana dogo, lakini lina maana kubwa. Iko sindano ya kumkinga mbwa na kichaa, nayo yataka mbwa anayetulia. Mbwa asiyezoea mikono hukimbia siku ya sindano, ama humwuma anayemshika. Na kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kutisha: dalili zake zikiisha kutokea kwa mtu, karibu daima hufa.

Mbwa mtii naye ana meno. Usimguse anapokula, wala anaponyonyesha watoto wake. Mbwa yeyote akikuuma, usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, muda wa dakika 15. Mwambie mzazi, mwende hospitali siku ile ile kupata sindano, kabla ugonjwa haujaanza. Mtoto mmoja, Joseph Meister, mwenye miaka 9, aliumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa mwaka 1885. Mama yake alimpeleka Paris kwa mtaalamu Louis Pasteur, akapata dawa mpya ya kinga siku baada ya siku. Hakushikwa na kichaa. Akarudi kwao mzima.

Maulizo. Kwa nini haifai kumpiga mbwa aliyekuja ulipomwita? Nyumbani kwenu mnamwita mbwa kwa neno gani, na je, wote mnatumia neno hilo moja?