Mgeni Njoo, Vumbi Litulie

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, Idi au harusi, kuanzia Katoro hadi Kahama mjini, mazulia hupigwa fimbo uani, makochi huburutwa na mafagio hukwaruza sakafu tangu alfajiri. Shemeji anakuja kutoka Dar es Salaam, mama mkwe anatoka Bariadi, wajukuu wanashuka kutoka Mwanza. Kila mwenyeji anataka wakute sebule inang'aa na vitambaa vya makochi vimenyooka.

Haraka hiyo ndiyo huharibu kazi. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, nyumba nyingi ziko jirani na karasha la kusaga mawe, na mwalo wa kuoshea dhahabu, au na barabara inayopitiwa na malori ya mawe. Vumbi la maeneo haya lina mambo yake. Ukilifagia kavu saa moja kabla ya mgeni kufika, unalitoa chini alikokuwa analikanyaga tu na kulipandisha hewani anakovuta pumzi. Sakafu itapendeza, lakini kifua chake kitajua kilichotokea.

Usafi wa kumpokea mgeni katika ukanda wa dhahabu una kanuni mbili: lowesha kabla ya kufagia, na kazi ya machimbo isivuke mlango wa nyumba. Nitaeleza sababu kwanza, kisha namna ya kufanya.

Vumbi la hapa limebeba nini

Dhahabu nyingi ya Geita na Kahama hukaa ndani ya miamba migumu, mara nyingi kwenye mikanda ya jiwe jeupe la kwatzi. Ili itoke, jiwe hupondwa kisha karasha hulisaga hadi liwe unga, na unga huo umejaa silika. Chembe zake kubwa hutua ndani ya dakika chache. Zilizo ndogo kuliko mikroni 10, ambazo macho hayawezi kuziona mojamoja, huelea kwa saa nyingi, na zilizo chini ya mikroni 4 hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Mtu akizivuta kwa miaka hupata silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuponya, na hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

Mgeni wa siku tatu hatapata silikosisi kwa kulala kwako. Lakini mwenye pumu anaweza kubanwa usiku huohuo, na mtoto mchanga atambaaye hugusa sakafu kisha hulamba vidole. Familia yako ndiyo itakayobaki na vumbi hilo baada ya mgeni kupanda basi.

Kilicho kizito zaidi ni zebaki. Mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga uliooshwa ili inase chembe za dhahabu, halafu huchoma donge hilo ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357, lakini haisubiri kufika huko: hata kwenye joto la kawaida la chumba hutoa mvuke usioonekana wala kunuka. Chumba kikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30, hali ya kila mchana chini ya bati, mvuke unaoweza kujaa humo huongezeka zaidi ya maradufu. Mvuke huo huingia mwilini kwa njia ya pumzi na hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Aliye tumboni na mtoto mdogo ndio huumia zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walipima wakazi wa Rwamgasa, wilayani Geita, chini ya mradi wa zebaki wa shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, uliohusisha nchi sita. Waliobainika kuathirika zaidi ni wale wanaochoma dhahabu. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania imeuridhia, unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo wa aina hii zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa dhahabu yenye zebaki katika makazi ya watu. Jikoni ni makazi, na ua wa nyuma pia.

Anayedhani vumbi la jiwe ni uchafu wa kawaida na atazame yaliyotokea Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010. Wanavijiji walileta mawe ya dhahabu nyumbani, wakayasaga na kuyakausha uani. Mawe yale yalikuwa na madini ya risasi kwa wingi, na vumbi lake likatanda kwenye vyumba, vyombo na mikono ya watoto. Watoto wapatao 400 wanakadiriwa kufariki. Kabla ya kuwatibu walionusurika, ilibidi kwanza udongo wa nyua zao uchimbwe, utolewe na kuwekwa mwingine safi. Mawe ya Geita si ya Zamfara, lakini funzo la kutoleta mawe nyumbani ni lilelile.

Kazi kubwa ifanywe jana yake

Kwa kuwa vumbi laini huelea saa nyingi, kazi nzito ifanywe siku moja kabla, asubuhi, madirisha na milango ikiwa wazi. Siku ya ugeni ibaki ya kupangusa kwa kitambaa kibichi na kupanga.

Anza kwa kutoa nje vinavyoshika vumbi: mazulia, mikeka, mapazia, mablanketi na vitambaa vya makochi. Vikung'ute mbali na mlango, upepo ukiwa mgongoni mwako, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa. Magodoro yapate jua saa kadhaa. Kisha shuka kutoka juu kwenda chini. Toa tandabui kwa fagio refu lililofungwa kitambaa kibichi, futa kenchi au dari, kisha feni, fremu za madirisha, kabati na televisheni. Sakafu iwe ya mwisho. Ukianza na sakafu utairudia.

Sakafu ya saruji au vigae nyunyizia maji kidogo, fagia polepole kutoka kona ya mbali kuelekea mlangoni, halafu piga deki. Tumia ndoo mbili, moja yenye maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia dekio. Ukiwa na ndoo moja tu, baada ya chumba cha pili unahamisha matope kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Kwa sakafu ya udongo, desturi ya kusiliba kwa udongo na samadi hushika vumbi vizuri. Siliba siku mbili kabla ili ikauke, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Maji ni haba kwa wengi wetu. Bomba kubwa linaloleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, Misungwi, limebadili maisha ya Shinyanga na Kahama, lakini bado ziko kaya nyingi zinazobeba ndoo kichwani. Basi maji yafanye kazi zaidi ya moja: ya kusuuzia nguo za kawaida yapigie deki, na ya deki yasafishie choo. Maji yaliyofulia nguo za machimbo hayaingii kwenye mzunguko huo. Yamwagwe mbali na kisima na bustani ya mboga.

Nguo hizo pia zina utaratibu wake. Mchimbaji azivulie nje, pamoja na mabuti, zisikung'utwe ndani, na zifuliwe peke yake. Viroba vya mawe na vya marudio, yaani mabaki ya mchanga uliooshwa, visihifadhiwe chini ya kitanda, hata kama unaogopa wezi. Kitanda hichohicho ndicho utakachompa mgeni.

Ukikuta zebaki

Katika kuhamisha makochi, katika nyumba ya mchimbaji unaweza kukuta matone ya fedha kwenye nyufa za sakafu. Hapo weka fagio chini. Kijiko kimoja cha chai cha zebaki kina uzito wa gramu 68 hivi, na fagio hulivunja tone kuwa mamia ya vitone vinavyozama kwenye nyufa na kuendelea kutoa mvuke kwa miezi. Watoe watoto na wajawazito chumbani, fungua madirisha, zima moto wowote. Vaa glovu na uvue pete, maana zebaki hula dhahabu ya kidoleni. Mulika tochi ikiwa karibu na sakafu ili matone yamemete, yasukume yakutane kwa kipande cha karatasi ngumu, yachote, kisha uyatie kwenye chupa yenye maji kidogo na kifuniko cha kubana. Vitone vidogo vinase kwa utepe wa gundi. Usimwage chooni wala jalalani, na usipake dawa ya klorini juu yake. Chupa hiyo iondoke nyumbani; mwulize afisa afya wa kata pa kuipeleka.

Vyombo na chupa

Beseni lililoosha mchanga wa dhahabu lisimnawishe mgeni mikono. Karai au kikaango kilichowahi kuchoma dhahabu hakifai tena kupikia, hata ukikisugua kwa mchanga na majivu hadi king'ae. Kitie alama, kitoke jikoni moja kwa moja.

Kagua pia chupa. Asidi ya kusafishia dhahabu na kemikali nyingine huhifadhiwa mara nyingi kwenye chupa za soda na maji. Mtoto mgeni hajui chupa ipi ni ipi, na kiu yake haisomi alama. Zifungiwe nje ya nyumba, mahali penye kufuli.

Choo, mikono na dawa

Wageni wengi kwa pamoja huongeza hatari ya kuhara na kipindupindu, hasa mvua zikishaanza Novemba. Choo kisuguliwe kwa maji na sabuni kwanza, kwa sababu klorini hupoteza nguvu ikikutana na uchafu. Kisha tumia dawa ya klorini, ile ambayo wengi huiita Jiki hata ikiwa ya kampuni nyingine. Yenye nguvu ya asilimia 3.5, vijiko vikubwa viwili kwa lita moja ya maji vinatosha. Paka, iache dakika 10, suuza. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo, siki au asidi yoyote. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu, na choo kidogo kisicho na dirisha ni mahali pabaya pa kuijaribu. Pasipo bomba, kibuyu chirizi na kipande cha sabuni karibu na choo vinatosha kumpa mgeni heshima yake.

Uani

Ua uliofagiliwa hadi udongo mtupu ni fahari yetu, na una faida: nyoka huonekana na maji hayatuami. Lakini udongo mtupu ndio unaorudi sebuleni kwa upepo wa Agosti. Shinyanga inalijua somo hilo. Miaka ya 1980 mkoa huu ulikuwa ukiitwa jangwa, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 uliurudishia miti na nyasi kwa kutumia ngitili, malisho yanayofungwa kwa desturi ya Wasukuma. Nyumbani fanya vivyo hivyo kwa kiasi chako. Fagia njia na mbele ya mlango baada ya kunyunyizia maji, acha ukoka pembeni, panda miti upande unakotoka upepo, na weka kitambaa kibichi mlangoni pa kupangusia viatu.

Mgeni anapokusalimu kwa Kisukuma "mwangaluka", ajibiwe katika nyumba aliyoweza kupumua. Kwa hiyo, mwenye nyumba, ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu kabla hajafika, acha kufua mapazia, acha kununua vitambaa vipya vya makochi. Toa nje viroba, mabuti na chupa ya zebaki, halafu loweka dekio. Na wageni wakiondoka, usivirudishe ndani.