Kisasi cha Heathcliff
Katika Wuthering Heights, kitabu cha Emily Brontë cha mwaka 1847, tunamwona Heathcliff, mtoto aliyeokotwa njiani Liverpool. Hindley, mwana wa nyumba, alimfanya mtumishi, akamnyima masomo. Heathcliff akiisha kupata mali anamnasa Hindley kwa karata na madeni, anatwaa nyumba. Tena anamlea Hareton, mwana wa Hindley, katika ujinga uleule. Ndipo tunaposhtuka: anayelipa si mwenye kosa!

Jioni moja anamkuta Hareton akifundishwa kusoma na binti wa Catherine. Wanainua macho, naye anaona macho ya marehemu Catherine, aliyempenda. Mikono inalegea, kisasi kinaachwa. Lakini tusiite toba: karibu na kufa asema hana la kutubia.