Bei ya Kipaza Sauti Uwanjani

Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, lilitia saini mikataba miwili ya Ligi Kuu, kila mmoja wa miaka 10. Wa kwanza uliipa Azam Media haki za televisheni kwa Sh bilioni 225.6. Wa pili, uliofuata baadaye mwaka huohuo, uliipa TBC, shirika la utangazaji la taifa, haki za redio kwa Sh bilioni 3.

Ligi ya timu 16 huwa na mechi 240 kwa msimu. Fedha hizo zikigawanywa sawasawa kwa miaka na kwa mechi, picha ya mechi moja inauzwa kwa wastani wa Sh milioni 94, na sauti ya mechi hiyohiyo kwa Sh milioni 1 na robo. Sauti ni rahisi mara 75 kuliko picha.

Hata hivyo, sauti hiyo ndiyo inayomfikia dereva wa bodaboda anayesubiri abiria, mlinzi aliye lindoni, mama lishe anayeosha vyombo, mvuvi aliyefunga redio ndogo ya betri kwenye mtumbwi. Hawa hawana king'amuzi mkononi, na mpira unapochezwa saa kumi jioni hawawezi kuacha kazi waende banda umiza. Kwao ligi ni kitu cha kusikia. Ndiyo maana inafaa kuuliza swali ambalo vijiweni haliulizwi sana: mtu anaponunua haki ya kutangaza mpira redioni, anakuwa amenunua nini hasa?

Mpira wenyewe hajaununua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda vitabu, nyimbo, filamu, picha na kazi nyingine za ubunifu, na inavipa vyombo vya utangazaji haki juu ya matangazo vinayoyarusha. Mechi haina mtunzi. Hakuna aliyeandika kwamba beki atateleza dakika ya 88. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililisema hilo waziwazi mwaka 2011, katika kesi kati ya Ligi Kuu ya England na wamiliki wa baa waliokuwa wakionyesha mpira kwa kadi za ving'amuzi za kutoka nje: mechi za mpira si kazi za kulindwa na hakimiliki. Kinacholindwa ni vile vinavyoongezwa juu yake, kama wimbo wa kufungulia matangazo au michoro ya kwenye skrini.

Matokeo nayo hayana mwenyewe. Mtu akisema "Simba wanaongoza moja bila", ametoa habari, na habari ni ya kila aliyeiona au kuisikia.

Kama mechi haimilikiwi na matokeo hayamilikiwi, kinachouzwa ni ruhusa ya kupita mlangoni. Mwenye uwanja au mwenye mashindano ndiye anayeamua nani aingie, aketi wapi, na akiwa ndani afanye nini. Anaweza kumwambia mtangazaji: ingia na kipaza sauti chako, lakini lipa. Anaweza kumwambia mwingine: ingia kama shabiki, usirushe chochote. Kanuni za FIFA zinaongeza uzito hapo, kwa sababu zinayataja FIFA, mashirikisho ya mabara na ya nchi kuwa wamiliki wa asili wa haki zote zinazotokana na mashindano yaliyo chini yao. Kanuni hizo huwafunga watu wa mpira, yaani klabu, vyama na waamuzi. Mwenye redio hafungwi nazo mpaka atie saini mkataba, au mpaka avuke mlango wa uwanja kwa masharti ya tiketi yake.

Jambo hili lilipimwa mahakamani zamani, tena kwa namna ya kusisimua. Mjini Sydney, Australia, katika miaka ya 1930, kulikuwa na uwanja wa mbio za farasi uitwao Victoria Park. Jirani yake, mzee Taylor, aliruhusu jukwaa lijengwe mbele ya nyumba yake, na kutoka hapo mtangazaji wa redio 2UW akawa anatazama juu ya ukuta na kuzitangaza mbio zote, pamoja na majina ya farasi na washindi. Watu wakaanza kubaki nyumbani. Kampuni ya uwanja ikashtaki, na mwaka 1937 Mahakama Kuu ya Australia ikaikatalia kwa kura tatu dhidi ya mbili. Majaji walio wengi walisema tamasha haligeuki kuwa mali ya mtu kwa sababu tu yeye ndiye aliyeliandaa. Akitaka wengine wasitazame, na ainue ukuta.

Mwaka mmoja baadaye, jijini Pittsburgh, Marekani, kisa kama hicho kilipata hukumu tofauti. Redio ya KQV iliweka watu wake mahali nje ya uwanja wa besiboli wa Forbes Field wanapoweza kuona ndani, ikawa inatangaza mechi za timu ya Pirates ambazo haki zake zilikwisha kuuzwa kwa wengine. Mahakama ikaizuia. Hoja yake ilikuwa kwamba timu ndiyo iliyogharimia wachezaji na uwanja, hivyo si haki mwingine aje kuvuna.

Hoja hizo mbili bado zinavutana hadi leo kila haki za redio zinapojadiliwa. Upande mmoja unasema jicho halitozwi kodi. Upande wa pili unasema anayelipa mishahara ya wachezaji ana haki ya kuvuna shamba lake.

Viongozi wa mpira walianza na woga kabla ya kufikia biashara. BBC ilitangaza mechi ya kwanza ya ligi moja kwa moja tarehe 22 Januari 1927, Arsenal dhidi ya Sheffield United katika uwanja wa Highbury, na mtangazaji alikuwa Teddy Wakelam. Jarida la Radio Times lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa visanduku vinane vyenye namba, ili msikilizaji aliyeko nyumbani ajue mpira uko wapi. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1931, wakuu wa ligi ya England wakapiga marufuku matangazo ya mechi zao. Waliogopa kwamba mtu akishausikia mpira akiwa nyumbani, hatalipa kiingilio.

Hofu hiyo ya mapato ya mlangoni imepungua redioni, ingawa haijaisha. Klabu nyingi zimegundua kwamba mpira unaotangazwa vizuri humfanya msikilizaji atamani kwenda kuuona mwenyewe. Afrika Mashariki ina ushahidi wa kutosha katika sauti zake. Leonard Mambo Mbotela wa Kenya na Charles Hilary wa Tanzania, waliofariki wote mwaka 2025, walijenga majina yao kwa kutangaza mpira kwa Kiswahili. Vizazi vya wasikilizaji viliwajua wachezaji kupitia vinywa vya watangazaji wa aina yao: kimo cha mchezaji, mwendo wake, mguu anaoutumia. Mtoto wa kijijini ambaye hajawahi kufika Dar es Salaam alijua lango la kaskazini na la kusini la uwanja wa taifa.

Zama hizo swali la haki halikuwapo. Tanzania Bara redio ilikuwa ya serikali, nayo ilikuwa moja. Radio Tanzania Dar es Salaam haikuwa na mshindani wa kugombea naye kiti uwanjani. Mambo yalibadilika baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kufungua njia kwa redio za watu binafsi. Zilipoongezeka, na kila moja ikataka kipindi cha michezo na mdhamini wake, kiti cha mtangazaji kikawa bidhaa. Palipo na wanunuzi wawili bei huonekana.

Mkataba wa haki za redio unapoandikwa, huwa na mambo kadhaa ambayo msikilizaji hayaoni. La kwanza ni upekee: je, mnunuzi anatangaza peke yake au pamoja na wengine? La pili ni kama anaruhusiwa kuwauzia wengine sehemu ya haki yake. La tatu ni mipaka, yaani masafa ya FM ya mkoa mmoja, nchi nzima, au intaneti ambako redio ya Mbeya husikika Muscat na Minneapolis. La nne ni huduma za uwanjani: chumba chenye kioo kinachoona pande zote, umeme, laini ya mawasiliano, orodha ya vikosi kabla ya mechi, nafasi ya kumhoji kocha baadaye. Kiwanja kisicho na chumba cha watangazaji kinamlazimisha mtu atangaze akiwa katikati ya mashabiki wanaoruka, huku akiwa hamwoni aliyepiga kona.

Halafu kuna njia ya kupitia pembeni: kukaa studio, kutazama televisheni na kutangaza kana kwamba uko uwanjani. Katika mashindano ya Ulaya ya mwaka 2000, redio ya Talksport ya Uingereza, ambayo haikuwa na haki, ilifanya hivyo kutoka hotelini Amsterdam. BBC, iliyokuwa imelipia, ilikwenda mahakamani kuomba amri ya kuizuia, na haikuipata. Somo kwa wauzaji wa haki lilikuwa wazi. Bei ya redio ikipanda kupita kiasi, wapo watakaochagua skrini, na ukuta wa kuzuia macho ya televisheni haujengeki.

Hispania ilipitia mvutano mkali zaidi. Agosti 2011 ligi ya nchi hiyo ilizifungia redio nje ya viwanja kwa kukataa kulipia haki. Nchini humo vipindi vya mpira vya redio ni desturi ya familia nzima wikiendi, kwa hiyo kelele zilikuwa kubwa. Aprili 2012 serikali ikatoa amri yenye nguvu ya sheria: redio ziingie bure kutangaza mechi mubashara, zilipie tu gharama za huduma zinazopewa uwanjani. Baadaye mwaka huohuo mamlaka ya mawasiliano ikapanga gharama hiyo kuwa euro 85 kwa mechi. Ujerumani ilikuwa imeelekea upande mwingine. Mwaka 2005 mahakama yake ya juu ya shirikisho, katika shauri la Radio Hamburg dhidi ya klabu za jiji la Hamburg, ilisema mwenye uwanja anaweza kudai malipo yanayozidi gharama, kwa kuwa mlango ni wake.

Nchi mbili tajiri, zenye mpira mkubwa, zilifikia majibu mawili tofauti. Hii inaonyesha kwamba bei ya redio haitoki mbinguni wala haitokani na maumbile ya mpira. Ni uamuzi wa wenye mlango, na uamuzi unaweza kupangwa upya kwa faida ya wengi.

Tanzania ina nafasi ya kufanya hivyo, na hapa ndipo redio za mikoani zinapohitaji kutetewa. Redio ya taifa ina masafa ya kufika mbali, na ni sawa iwe na haki za nchi nzima. Lakini Jumamosi moja huwa na mechi zaidi ya moja, na redio moja hutangaza moja kwa wakati mmoja. Simba au Yanga wakicheza Dar es Salaam saa ileile timu mbili za mkoani zinapokutana, hakuna anayeshangaa mechi ipi itaingia hewani. Kwa hiyo mechi ya uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, inaweza kuchezwa bila sauti yoyote kuwafikia wenyeji wasioweza kufika uwanjani, ilhali redio yao ya mjini ipo hatua chache kutoka hapo.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kibali cha mkoa kwa ada ndogo, kinachoiruhusu redio kutangaza mechi za nyumbani za timu ya mkoa wake kwenye masafa yake tu, hakimpunguzii mwenye haki za taifa msikilizaji wa Arusha au Mtwara. Ada hiyo ikiwekwa karibu na wastani wa sasa wa Sh milioni 1 na robo kwa mechi, redio nyingi ndogo zitashindwa. Ikifuata mfano wa Hispania wa kulipia huduma peke yake, duka la vifaa vya ujenzi au chama cha ushirika cha kahawa kinaweza kuidhamini. Mtangazaji wa hapohapo atajua kwamba winga anayeingia dakika ya 70 alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya uwanja, na atalisema.

Ligi za chini zinahitaji zaidi. Ligi ya Championship, First League na ligi za mikoa ndizo zinazokuza wachezaji, na waamuzi pia, lakini ndizo zenye watazamaji wachache wa televisheni. Huko haki za redio zingeweza kutolewa bure kwa masharti matatu: mechi itangazwe yote, jina la mdhamini wa ligi litajwe, na nakala ya sauti ipelekwe kwa bodi inayosimamia ligi. Sharti hilo la tatu lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana. Mechi nyingi za miongo iliyopita zilisikiwa na mamilioni kisha zikapotea hewani, na mtafiti anayetaka kusikia mpira wa miaka ya 1970 ulivyotangazwa anabaki kutegemea kumbukumbu za wazee.

Mikataba ya 2021 ni ya miaka 10, hivyo zabuni nyingine italazimika kuandaliwa ifikapo mwaka 2031. Watakaoiandika watakuwa na kazi ya kutenganisha mafungu: taifa, mkoa, intaneti na ligi za chini, kila moja na bei yake, pamoja na kuvitaka viwanja vyote vya Ligi Kuu viwe na chumba cha watangazaji kabla ya kupewa leseni. Redio za mikoani nazo zina muda wa kujipanga kwa pamoja, kufundisha watangazaji na kuanza na mechi za ligi za mikoa yao, ili siku ya kufungua bahasha ziwe na cha kuonyesha.