Aya ya 11 na Miaka 70

Yeremia 29:11 ni miongoni mwa aya zinazopendwa sana na Wakristo wetu. Utaikuta nyuma ya daladala, kwenye kadi za mahafali, na kwenye simu ya mtu aliyeachishwa kazi au aliyelazwa wodini. Inaahidi kwamba Mungu anawawazia watu wake mema na kwamba mbele yao liko tumaini. Sina ugomvi nayo. Ila wengi wanaoituma hawajui kuwa wamechomoa mstari mmoja katika barua ndefu.

Mwaka 597 KK Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alimteka mfalme Yekonia wa Yuda pamoja na wakuu, mafundi na wahunzi. Yeremia alibaki Yerusalemu, akawaandikia waliohamishwa. Barua aliwakabidhi Elasa na Gemaria, wajumbe ambao mfalme Sedekia alikuwa akiwatuma kwa Nebukadreza; yaani neno la nabii lilisafiri pamoja na shughuli za serikali.

Barua yenyewe ni ngumu kumeza. Yeremia anawataka mateka wajenge nyumba na kuishi humo, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha. Tena wauombee amani mji uleule wa waliowateka! Kisha, katika aya ya 10, anawatajia muda: miaka 70. Mtu mzima wa miaka 40 aliyesikia barua ikisomwa alijua kaburi lake litakuwa Babeli. Hapo ndipo aya ya 11 inapokuja.

Sura ya 28 inaonyesha kwa nini ilibidi kusema hivyo. Nabii Hanania alitangaza hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, kwamba mateka wangerudi ndani ya miaka miwili. Nani asingependa kusikia hilo? Akaivunja na nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Hanania alifariki mwaka uleule, na mwaka 586 KK Yerusalemu ikateketezwa. Ruhusa ya kurudi ilitolewa na Koreshi wa Uajemi mwaka 538 KK, na wengi wa walioitumia walikuwa watoto na wajukuu wa wale walioandikiwa.

Akina Hanania tunao hata leo, na baadhi yao wana vipaza sauti vizuri kuliko vyetu. Mimi huwapima kwa barua hii. Faraja inayomwachisha mgonjwa dawa, au inayomfanya mkulima aache kupalilia kwa kuwa muujiza unafika Ijumaa, haikutoka kwa Yeremia. Tumaini lake lilikuwa na jembe, na lilikuwa na harusi.

Wapo pia ambao kwa sasa hawawezi hata kushukuru. Hao wasilazimishwe. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila neno la ushindi mwishoni, na bado imehifadhiwa kati ya zaburi zote 150. Aliyefiwa anaweza kuisali kama ilivyo.

Basi ukitaka kumfariji mtu kwa aya ya 11, usiishie kuituma kwa simu. Nenda ukae naye, msome kuanzia aya ya 1 hadi ya 14, kisha umuulize kama ana nauli ya kurudi kliniki.