Mwalimu, Mtoto Amekula Mara Ngapi?

Ukisimama Tukuyu asubuhi ukungu ukishaondoka, utaona chakula kila upande. Migomba imezunguka nyumba. Chini ya migomba kuna magimbi na maharage. Kwenye miteremko ya Mlima Rungwe kuna viazi mviringo. Ng'ombe wa maziwa wako mabandani. Miparachichi imezaa mpaka matawi yameinama. Mvua hapa hunyesha miezi mingi ya mwaka, na udongo wetu ni wa volkano ya zamani. Mgeni akiona haya yote atasema, "Hapa mtoto hawezi kukosa afya."

Lakini sisi tunaokaa na mizani ya kupimia watoto tunajua mambo mengine.

Nataka nikueleze habari ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Jina lake silitaji, wala shule yake. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike, ili wazazi wengine wasome. Alikuja kliniki na mtoto wake wa kiume wa miezi 14. Nilimpima mtoto, nikaweka nukta kwenye kadi. Nikaangalia nukta za nyuma. Nukta tatu zilikuwa zimelala kwenye mstari mmoja. Kwa miezi mitatu mtoto hakuongezeka uzito hata kidogo.

Hapo nilifanya kosa. Nilianza kumhubiria. Nikamwambia, "Mwalimu, mtoto anahitaji vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili." Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema:

"Daktari, hayo huwa nawafundisha wanafunzi wangu. Nyumbani kwangu kuna maziwa, kuna ndizi, kuna maharage. Anayekosekana nyumbani ni mimi."

Nilinyamaza. Halafu nikamwuliza swali ambalo ningeuliza tangu mwanzo: "Jana mtoto alikula mara ngapi?"

Alihesabu kwa vidole. Saa 12 asubuhi mtoto alikunywa chai na kipande cha mkate, kwa sababu mama alikuwa anaharakisha kwenda shuleni. Mchana mama mkwe wake alimpa ndizi moja iliyochemshwa jana yake. Mwalimu alirudi saa 10 jioni. Akachota maji, akasonga ugali, akabandika maharage. Maharage yaliiva saa 2 usiku. Mtoto alikuwa amekwisha kulala. Walimwamsha akala vijiko vitatu, akalala tena na chakula mdomoni.

Basi tatizo lilikuwa hapo. Nyumba ilikuwa na chakula, ila chakula kilimfikia mtoto kwa kuchelewa na kwa uchache.

Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Linajaa kwa chakula cha kikombe kimoja hivi. Mtu mzima anaweza kula sahani kubwa mchana na nyingine usiku, akashinda vizuri. Mtoto hawezi. Ukimjazia ugali usiku ili kufidia mchana, atatapika au atalala. Kwa hiyo mtoto wa miezi 6 hadi 8 alishwe mara 2 au 3 kwa siku, pamoja na kunyonya. Kuanzia miezi 9 mpaka afike miaka 2, alishwe mara 3 au 4, na katikati apewe kitu kidogo mara 1 au 2, kama parachichi, yai, papai au ndizi mbivu. Kunyonya kuendelee mpaka miaka 2 au zaidi.

Mtoto asipopata chakula cha kutosha katika miaka hiyo 2 ya kwanza, hudumaa. Kudumaa maana yake ni kuwa mfupi kuliko umri wake. Si ufupi wa ukoo. Hata akili hukosa kukua inavyotakiwa, na ni vigumu sana kuirudisha baadaye. Mwalimu anamjua mtoto huyo, maana humkuta darasani miaka michache mbele.

Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa. Na mikoa iliyokuwa na hali mbaya si ile yenye ukame peke yake. Katika mkoa wa Iringa, jirani zetu wa nyanda za juu wanaolima mahindi mengi, zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamedumaa. Ghala limejaa, na mtoto amedumaa.

Jambo hili si geni. Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana. Halafu katika miaka ya 1980 ulikuwako mpango wa lishe mkoani Iringa, ulioanza na vijiji 168 kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Vijiji vile vilipima watoto wao vyenyewe na kujadili sababu. Mojawapo ya mambo yaliyoonekana wazi ni hili: mama ana kazi nyingi mno, na mtoto analishwa mara chache mno. Baadhi ya vijiji viliweka mahali pa kulishia watoto mchana, wakati mama wako shambani. Mwalimu wetu haendi shambani mchana, anakwenda darasani. Kwa mtoto mambo ni yaleyale.

Tuligeuka sasa tukaanza kutafuta muda. Mwalimu alikuwa na shamba la mboga, lakini lilikuwa bondeni, mwendo wa nusu saa. Alikwenda huko Jumamosi tu. Siku nyingine nyumba ilikula maharage bila mboga, au mboga iliyonyauka tangu Jumamosi.

Nilimshauri alete bustani jikoni. Alitengeneza matuta matatu nyuma ya nyumba. Nawe unaweza kufanya hivyo. Upana wa tuta uwe mita 1 hivi, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Urefu uwe hatua 4. Huku kwetu mvua ni nyingi, hivyo inua tuta kiasi cha shubiri moja, maji yasituame yakaozesha mizizi. Tuta likingame mteremko. Ukilielekeza bondeni, mvua ya mwezi wa Aprili itabeba udongo, samadi na mbegu mpaka kwa jirani. Tumia samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mimea na huleta vijidudu vya magonjwa kwenye mboga.

Zungushia mianzi iliyopasuliwa. Usipofanya hivyo, bustani ni ya kuku.

Tuta la kwanza alipanda mchicha. La pili chainizi na figiri. La tatu sukuma wiki na karoti. Kando ya jalala alipanda maboga, maana majani yake ni mboga nzuri, na boga lenyewe ni chakula cha mtoto. Hakupanda mbegu zote siku moja. Kila baada ya wiki 2 hupanda mstari mmoja. Mtu akipanda zote pamoja, mboga huiva zote pamoja, akala kabichi mpaka akachoka, kisha akakaa miezi 2 bila kitu. Kazi ya bustani hii ni dakika 15 asubuhi au jioni. Wakati wa kiangazi humwagilia kwa maji aliyooshea mboga na vyombo visivyo na sabuni nyingi.

Aliniuliza kama wanafunzi wangeweza kumsaidia kupalilia. Mimi ni kijana, na kumwambia mwalimu "hapana" si rahisi. Lakini nilisema hapana. Bustani ya shule ni somo. Bustani ya mwalimu ni ya mwalimu.

Tukaja kwenye mapishi. Maharage sasa huloweka usiku. Asubuhi humwaga maji yale. Mama mkwe huyabandika mchana kwa maji mapya, na yaliyolowekwa huiva upesi na kula kuni kidogo. Hupika ya siku 2. Yafunikwe vizuri, na kabla ya kuliwa ni lazima yachemke tena mpaka yatokote. Kuyapasha vuguvugu tu ni kuyaamsha maradhi.

Uji wa mtoto hupikwa asubuhi kwa maziwa, na nusu hutiwa kwenye chupa ya chai, ukiwa wa moto sana. Saa 4 asubuhi mtoto hunywa uji wa moto bila mtu kuwasha jiko. Ndani ya uji mwalimu hutia unga wa dagaa. Dagaa wa Ziwa Nyasa huletwa sokoni kutoka Kyela. Waoshe, wakaushe, watwange, uchekeche. Kijiko kimoja kinatosha. Karanga pia ni nzuri, lakini zichambue. Karanga yenye ukungu itupe, usimpe hata kuku. Mchana mtoto hupewa ndizi zilizopondwa na maharage na majani machache ya mboga yaliyokatwa vizuri. Parachichi kidogo au mafuta kijiko kimoja yaongezwe, kwa sababu vitamini A ya mboga na karoti huingia mwilini vizuri ikiwa kuna mafuta.

Sasa niseme juu ya chai. Najua nasema hivi katika nchi ya chai. Chai ndiyo inayojenga nyumba nyingi hapa Rungwe, nami nainywa. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula, huzuia madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga yasiingie mwilini. Madini hayo ndiyo yanayotengeneza damu. Mtu mzima angoje saa moja hivi baada ya kula ndipo anywe. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe chai kabisa. Chai hujaza lile tumbo dogo, mtoto akaonekana ameshiba, na hana kitu.

Maziwa yenyewe yapo. Siku hizi maziwa hununuliwa asubuhi na mapema, na parachichi letu linasafirishwa mpaka nchi za nje. Fedha inapatikana, na hilo ni jema. Ila nimeona nyumba ambamo maziwa yote yanakwenda kwenye ndoo ya mnunuzi, na mtoto wa nyumba hiyo anakunywa chai ya rangi. Toa kwanza kikombe cha mtoto, ukichemshe. Yanayobaki ndiyo ya kuuza.

Lililokuwa gumu kuliko matuta na maharage ni mama mkwe. Bibi huyu anampenda mjukuu wake, na alilea watoto wake kwa chai na ndizi. Mwalimu aliniambia, "Daktari, darasani naamuru watoto 70. Kwa mama mkwe siwezi kuamuru." Ni kweli. Mkwe haamrishwi. Basi nilimwomba mwalimu aje na mumewe. Baba alikuja, akaiona kadi, akaulizia zile nukta. Jioni yake alizungumza na mama yake mwenyewe, kwa heshima ya mtoto kwa mzazi. Na yeye akachukua kazi mbili: kuchota maji kabla mwalimu hajarudi, na kuwinda kuku bustanini. Kina baba, kadi ya mtoto ni yenu pia. Njooni muisome.

Kwa mwalimu mwenye mtoto mchanga kuna jambo jingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja. Akirudi kazini anaruhusiwa muda wa kunyonyesha usiozidi masaa 2 kwa siku. Zungumza na mwalimu mkuu mapema, mpange ratiba. Ukihesabu, siku 84 hazifiki miezi 3, na mtoto anatakiwa anyonye tu, bila hata maji, mpaka miezi 6. Unaweza kukamua maziwa yako. Nawa mikono kwa sabuni, kamulia kwenye kikombe kilichochemshwa chenye kifuniko, weka mahali penye kivuli na baridi. Yatumike ndani ya masaa 4. Mtoto anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa ya chuchu, maana chupa hizo ni vigumu kuzisafisha.

Wewe mama nawe ule. Mwalimu yule alikuwa akinywa chai tu mpaka saa 10, huku ananyonyesha.

Tahadhari moja. Mtoto akivimba miguu, akikataa kula, au utepe wa kupimia mkono ukionyesha rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, usingoje mboga ziote. Mlete zahanati siku hiyohiyo.

Mtoto wa mwalimu je? Mwezi wa kwanza hakuongezeka, kwa sababu aliharisha. Mwezi wa pili aliongezeka gramu 300. Mwezi wa tatu gramu 200. Urefu wake bado uko nyuma, nami sikumficha mama yake. Mama mkwe ndiye anayemleta kliniki sasa, na huniambia mwenyewe, kabla sijauliza, amekula mara ngapi. Wiki iliyopita mvua kubwa ilibomoa tuta la tatu na kuchukua karoti zote. Mwalimu amenunua mbegu nyingine, atapanda Jumamosi.