Umri wa Jengo katika Chokaa Yake

Gofu la mawe lisilo na maandishi humwachia mchunguzi swali gumu: lilijengwa lini? Mawe hayajibu, kwa kuwa umri wake ni wa mwamba wala si wa ukuta. Na boriti yaweza kuwa imetolewa katika nyumba iliyotangulia. Kilichozaliwa pamoja na ukuta ni chokaa iliyoyashika mawe. Mwaka 1964 J. Labeyrie na G. Delibrias walitangaza jaribio la kuipima kwa kaboni 14.

Njia hiyo yategemea kazi ijulikanayo na kila mwashi wa pwani. Matumbawe au kombe zikichomwa katika tanuu hutoa hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Chokaa inayobaki hutiwa maji, huchanganywa na mchanga, kisha hujengewa. Ikiwa ukutani hunywa hewa ya ukaa ya angani na kurudi kuwa ngumu kama jiwe. Hewa hiyo ina kaboni 14 ya wakati ule wa ujenzi. Tangu hapo hupungua kwa kipimo kisichobadilika, na baada ya miaka 5,730 hubaki nusu yake.

Lakini kuna hatari zake. Jiwe lisiloiva tanuuni, au mchanga wenye chembe za kombe, huleta kaboni ya kale na kulizeesha jengo. Tena chokaa iliyo ndani kabisa ya ukuta mnene huchelewa kukauka, ikalifanya jengo lionekane changa. Kwa hiyo wataalamu huisaga chokaa taratibu, huichekecha, kisha huitia tindikali. Chokaa iliyoshikamanisha mawe huyeyuka upesi kuliko jiwe bichi. Basi hewa inayotoka kwanza ndiyo inayoaminiwa zaidi.

Mfano ulio wazi ni mnara wa Newport, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, uliosimama juu ya nguzo nane zenye matao. Katika karne ya 19 Carl Christian Rafn wa Denmark alidai kuwa ni kazi ya mabaharia wa Skandinavia wa zama za kati, waliomtangulia Columbus. Kwa upande wa pili, wasia wa Gavana Benedict Arnold wa mwaka 1677 ulitaja kinu chake cha upepo kilichojengwa kwa mawe, na uchimbuzi wa William Godfrey, wa 1948 na 1949, ulitoa vitu vya walowezi wa karne ya 17. Hata hivyo ubishi haukwisha. Katika miaka ya 1990 Jan Heinemeier wa Denmark na Högne Jungner wa Finland waliipima chokaa yenyewe, nayo ikajibu kuwa ni ya karne ya 17. Wasia, uchimbuzi na chokaa vikawa mashahidi watatu wa neno moja.

Jambo hili latuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107; lakini sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya katika karne ya 18. Maandishi, basi, yaweza kuwa na umri mmoja na ukuta uyabebao umri mwingine, na chokaa ni shahidi afaaye kuulizwa. Ila huku hadhari huzidi: mchanga wa pwani mara nyingi una chembe za matumbawe, na matumbawe ya kale yachimbwayo nchi kavu yamekwisha kupoteza kaboni 14 yote. Kipande kisichochaguliwa vema chaweza kuongeza karne nyingi juu ya umri wa kweli.

Shahidi huyu hana wa kumrithi. Fundi akwanguaye chokaa ya kale ili apake saruji mpya huufuta ushahidi kwa siku moja. Yafaa, kabla ya gofu lolote kutengenezwa, vipande vya chokaa vitolewe, viandikwe mahali vilipotoka, na kuhifadhiwa.