Dawa Mbili za Sukari: Namna ya Kuzimeza Bila Hatari



Tunapozunguka manyumbani pamoja na wahudumu wa afya wa jamii, kuna jambo tunaloliona mara kwa mara. Mgonjwa wa sukari anatuonyesha mfuko wake wa dawa. Ndani mna vidonge vya aina mbili, pengine tatu. Tukimwuliza, "Hiki ni cha nini, na kile je?" anajibu, "Vyote ni vya sukari." Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Dawa hizi hazifanyi kazi moja, wala hatari zake si moja. Asiyejua tofauti anaweza kujiumiza huku akidhani anajitibu.

KWA NINI DAWA MBILI?

Katika kisukari aina ya pili, ambacho huwapata zaidi watu wazima, mwili una shida mbili kwa pamoja. Kwanza, insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari mlango itoke kwenye damu na kuingia mwilini, haifanyi kazi vizuri. Ini nalo linazidi kumwaga sukari kwenye damu, hata usiku mtu akiwa amelala. Pili, kongosho, ambalo ndilo linalotengeneza insulini, linaendelea kuchoka mwaka hadi mwaka. Ndiyo sababu mtu aliyeanza na dawa moja anaongezewa ya pili baadaye. Hiyo si adhabu, wala si kwamba daktari amekata tamaa.

Dawa ya kwanza kwa kawaida ni ile iliyoandikwa Metformin kwenye pakiti. Sisi tuiite metformini. Kazi yake ni kulizuia ini lisimwage sukari kupita kiasi, na kuusaidia mwili kuitumia insulini iliyopo. Ikiwa peke yake, ni nadra kushusha sukari hadi kiwango cha hatari. Taabu yake ni tumbo: kichefuchefu na kuhara. Kwa hiyo daktari huanza na kipimo kidogo, kama miligramu 500, kisha huongeza polepole. Imeze pamoja na chakula au mara tu baada ya kula.

Dawa ya pili, katika zahanati zetu nyingi, ni ile iliyoandikwa Glibenclamide au Gliclazide. Hizi ni ndugu. Zenyewe hulisukuma kongosho litoe insulini zaidi. Na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu hulisukuma hata kama hujala. Dawa haijui kwamba sufuria iko tupu.

HATARI YA KWANZA: KUMEZA BILA KULA

Tuseme mtu amemeza kidonge cha kusukuma kongosho alfajiri, akashika jembe, akisema atakula akirudi. Ikifika saa nne anatetemeka, anatoka jasho baridi, moyo unapiga mbio, ana njaa kali, macho yanaona giza. Akizidiwa anaongea ovyo kama mlevi. Watu wanampita njiani wakisema eti amelewa, kumbe sukari imeshuka. Mashine ikisoma chini ya 4, atibiwe pale pale. Kama hakuna mashine na dalili ziko, msingoje.

Watu wa nyumbani huogopa: "Huyu ni mgonjwa wa sukari, tutampaje sukari?" Mpeni! Korogeni vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika nusu glasi ya maji anywe, au mpeni nusu glasi ya soda ya kawaida. Ngojeni dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudieni. Akishapata nafuu ale chakula, kwa mfano mkate, ugali au ndizi.

Kama amezimia au hawezi kumeza, msimtie kitu chochote mdomoni. Mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali. Hata yule aliyepata nafuu afike kliniki siku hiyo hiyo. Dawa hizi, hasa Glibenclamide, hukaa mwilini muda mrefu, na sukari inaweza kushuka tena usiku.

Kwa hiyo, kama hutakula mlo, usimeze dawa ya kusukuma kongosho. Ingoje chakula. Wanaotaka kufunga, iwe Kwaresima au Ramadhani, waongee na kliniki mapema. Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga, na Uislamu pia unamruhusu kuacha. Wazee nao wawe macho zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema Glibenclamide haiwafai waliopita miaka 60. Kama una umri huo na bado unaimeza, usiiache kimya kimya, bali muulize daktari kama unaweza kubadilishiwa.

HATARI YA PILI: DAWA ILE ILE MARA MBILI

Kampuni nyingi hutengeneza dawa moja, na kila moja huipa jina lake. Tena kuna vidonge ambavyo ndani yake mna dawa mbili, kwa mfano metformini na Glibenclamide pamoja. Sasa mtu anapewa kidonge hicho kipya kliniki, na nyumbani bado ana vile vya zamani. Anameza vyote, na kipimo kinakuwa maradufu. Usitazame rangi wala jina kubwa la kampuni. Tafuta jina dogo la dawa yenyewe. Kama husomi vizuri, mwambie mtoto wa shule akusomee, au muulize mwenye kemisti.

Vile vile, ukisahau kumeza, usimeze mara mbili ili kufidia. Na usimgawie jirani dawa yako. Kipimo chako kinaweza kumwangusha.

HATARI YA TATU: MAGONJWA NA DAWA NYINGINE

Metformini hutolewa mwilini na figo. Figo zikidhoofika sana, dawa hujikusanya na kufanya damu iwe na asidi, jambo linaloweza kuua. Kwa hiyo omba figo zipimwe angalau mara moja kwa mwaka. Ukitapika au kuhara sana hata mwili ukakauka, simamisha metformini kwanza na uende kliniki haraka upate maelekezo.

Wanaotumia dawa za ukimwi zenye dolutegraviri wamweleze daktari wa sukari. Dawa hiyo huongeza metformini mwilini, na kwa kawaida kipimo hakipiti miligramu 1000 kwa siku. Septrin nayo inaweza kuzidisha nguvu ya dawa za kusukuma kongosho. Pombe, hasa bila chakula, ni mbaya kwa dawa zote mbili. Dawa za mitishamba pia zitajwe bila aibu, kwa maana nyingine hushusha sukari na zikijumlishwa na vidonge huwa nyingi mno. Na mama akipata mimba, au akitarajia kupata, aende kliniki mapema dawa zake ziangaliwe.

TUFANYE NINI?

1. Jua kila kidonge kwa jina, kazi na saa yake. Andika kwenye karatasi na uiweke pamoja na dawa.
2. Siku ya kliniki beba dawa zote, hata za presha na za kienyeji.
3. Tembea na sukari au peremende mfukoni, shambani na kwenye matatu.
4. Wafundishe watu wa nyumbani dalili za sukari kushuka.
5. Sukari ikisoma vizuri usiache dawa. Inasoma vizuri kwa sababu unameza.

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mkikutana katika jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya kina mama, chukueni dakika chache kila mtu alete pakiti zake zisomwe. Atakayekutwa na dawa ile ile kwa majina mawili asichague mwenyewe ya kuacha. Apeleke pakiti zote kliniki kesho yake.